"Imeshapita kamati": kiwanja chetu cha wazi hapa Moshi, na njia ambayo uamuzi hupita kabla hatujausikia

Mjukuu wa Meku (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Naandika kutoka Moshi mjini. Jina la mtaa na la kata nimeyaacha kwa makusudi, maana shauri bado liko mezani na sitaki mtu yeyote aonekane ameshahukumiwa humu. Ukisoma mpaka chini huenda ukakuta ni mtaa wako.

Jumanne iliyopita nilikuwa natoka kazini, saa kumi na moja hivi. Pale kiwanjani kwetu nikakuta vijana wawili wamesimika mashine ya kupimia ile ya miguu mitatu. Mmoja anachungulia, mwenzake amesimama golini kashika fimbo ndefu ya rangi nyekundu na nyeupe. Watoto wamekaa pembeni na mpira wao, wanangoja. Kwenye mwarobaini wa kona ya juu kumepigwa alama ya rangi nyekundu, na nilipoigusa ilibaki kidoleni. Nikauliza kwa heshima, jamani, kuna nini hapa? Yule wa fimbo akanijibu bila ubaya wowote: "Ni fremu za maduka, mzee. Pande mbili, huku na kule. Imeshapita kamati."

Usiku ule sikulala vizuri. Si kwa sababu ya fremu peke yake, bali kwa yale maneno mawili. Imeshapita kamati. Mtu akikuambia hivyo unajikuta umenyamaza, kana kwamba umeambiwa mgonjwa ameshafariki. Kamati gani? Ilikaa lini? Nani alisema nini? Nikagundua kwamba nimekaa mji huu miaka 19, nimelipa ushuru na ada za kila aina, na siwezi kujibu hata moja.

Kwanza niwaeleze hicho kiwanja, kwa kuwa mtu asiyekaa huku akisikia "eneo la wazi" anaona nyasi zimelala bure.

Nyumba zetu nyingi ni za kupanga, uani mmoja wapangaji sita mpaka nane. Hakuna nyumba yenye uwanja wa kuweka watu mia. Mtu akifiwa, turubai hufungwa kiwanjani. Mnajua desturi ya huku: Mchagga hata akifia mjini huzikwa kihambani kwao, Rombo, Kibosho au Machame. Lakini kumuaga ni hapa chini, kwa majirani waliokula naye na kumuuguza. Mwaka juzi tulimuaga mama aliyetuuzia maziwa tangu sijaoa. Viti vilijaa mpaka golini, masufuria yalikaa chini ya ule ule mwarobaini, na saa saba gari likapandisha mwili kuelekea Marangu. Kipaimara, harusi, vikao vya vikoba, mikutano ya kampeni, chanjo za watoto, vyote ni pale. Fremu zikikaa pande mbili, kitakachobaki katikati hakitoshi turubai moja, achilia mbali gari lenye jeneza kugeuka.

Halafu kuna maji. Moshi imekaa mteremkoni, mlima uko juu yetu. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, maji yanayoshuka si yale tu yaliyonyesha mjini. Aprili 2024 tuliona wote yalivyoingia majumbani na watu wakapoteza maisha. Kile kiwanja ndicho kinachokunywa maji ya mitaa miwili iliyo juu yetu. Nimesimama pale mvua ikinyesha nikayaona yanatandaa, yanatulia, kesho yake asubuhi yamezama ardhini na watoto wanacheza kwenye tope. Ukikimwagia zege, maji hayo hayataacha kuja. Yatatafuta mlango wa mtu.

Sasa hiyo njia. Nimeuliza kwa wiki nzima, ofisi ya mtaa, ofisi ya kata, na kwa wazee waliowahi kuwa madiwani. Nawaandikia nilichokipata ili mwingine asianzie sifuri kama mimi.

Halmashauri za miji zinaendeshwa kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya 1982. Madiwani hawafanyi kazi zote wakiwa barazani. Wamegawanyika kwenye kamati za kudumu: ya Fedha na Uongozi, ambayo hukaa kila mwezi; ya Uchumi, Afya na Elimu; na ya Mipango Miji na Mazingira. Hizi mbili hukaa kila robo mwaka. Viwanja, michoro, vibali vya ujenzi, taka na bustani ni mambo ya Mipango Miji na Mazingira. Mikataba ya kupangisha na mapato ni ya Fedha. Kwa hiyo fremu kwenye eneo la wazi inagusa kamati mbili, si moja. Kabla ya kufika huko, wataalamu chini ya mkurugenzi wameshaandaa andiko. Kabla ya wataalamu, ilipaswa kuanzia mtaani na kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Baada ya kamati kuna baraza zima la madiwani, na baraza ndilo linaloweza kukubali, kukataa au kurudisha.

Baraza liko wazi, mwananchi yeyote anaweza kwenda kukaa na kusikiliza. Mimi nilidhani ni la waandishi wa habari na wakubwa tu. Kwenye kamati huendi kukaa kama msikilizaji.

Na hapo ndipo penye shida. Sisi tunaruhusiwa kusikiliza mahali ambapo mambo yanakuwa yamekwisha kupikwa. Mzee mmoja aliyekuwa diwani zamani alinionyesha kabrasha la kikao cha baraza cha enzi zake, unene wa Biblia. Mihutasari ya kamati zote imo humo. Akafungua ukurasa mmoja, akaweka kidole kwenye mistari minne. "Hii," akasema, "ilikuwa kiwanja. Hakuna aliyeuliza." Diwani anapokea kabrasha siku chache kabla ya kikao. Kama hakuna mtu wa mtaani aliyemwambia kwamba mistari minne ile ndiyo mahali tunapoagia wafu wetu, ataijuaje?

Ninachosema, na ndicho nataka tujadili: kiwanja cha wazi hakina mtetezi mezani kwa sababu hakitoi risiti. Fremu ina makadirio ya mapato kwa mwezi na kwa mwaka. Kiwanja kina sifuri. Zikiwekwa karatasi mbili mezani, sifuri inashindwa kila mara, hata kama waliokaa pale ni watu wema. Kwa hiyo sisi ndio tunaotakiwa kwenda na karatasi yetu mapema, tukiwa bado mtaani na kwenye kata, kabla ya mashine ya miguu mitatu.

Naomba wenye uzoefu wachangie. Wenye maoni tofauti pia, kwa staha.

Kibanda cha Chini

Mangi pole, nimekusoma mpaka mwisho. Niruhusu niseme upande wetu.

Mimi nauza chaja, earphone na makava ya simu chini, karibu na stendi. Nimetafuta fremu tangu mwaka jana. Mwenye nyumba binafsi anataka kodi ya miezi sita mbele, na anayetoka anataka kilemba chake kabla hajakupisha. Nikijumlisha hizo mbili, mtaji wote umekwenda na sijanunua hata waya mmoja. Halmashauri ikijenga fremu zake, kwetu ni nafuu. Tumepigiwa kelele miaka yote tusipange bidhaa barabarani. Sasa wakitaka kutujengea, mtaa unasema hapana. Tuende wapi?

Siombi kiwanja cha watoto. Ila mkisema "fremu hapana" mjue kuna mtu mnamwambia abaki juani.

Mama Turubai

Mimi ndiye ninayekodisha hayo maturubai na viti huku kwetu, si mtaa wenu lakini karibu. Kiwanja cha mtaa wetu kilikwisha kidogo kidogo, hakuna siku moja ambayo mtu angeweza kusema leo kimechukuliwa. Kwanza kontena moja. Halafu mtu akaweka tofali, akasema ni za muda. Halafu ukuta. Siku hizi tukipata msiba tunafunga barabara. Bodaboda wanapita katikati ya wafiwa wakipiga honi. Juzi mvua ilinyesha tukiwa tunasomewa neno, maji yakapita miguuni kwa watu na hakuna pa kuhamia. Naomba msiache.

Mstaafu wa Masjala

Mjukuu wa Meku, umeandika jambo la maana. Nimefanya kazi masjala ya halmashauri kwa miaka mingi, mkoa mwingine, kwa hiyo sizungumzii watu wa hapo. Nitaeleza jinsi fedha inavyosukuma haya mambo, kwa kuwa wengi hulaumu tamaa ya mtu mmoja mmoja na wanaacha chanzo.

Zamani halmashauri ilikuwa na kodi ya majengo. Nyumba ikiongezeka mjini, mapato yanaongezeka, hata kama mji una bustani kumi. Mwaka 2016 ukusanyaji ulipelekwa TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, na tangu 2021 unailipa ukinunua umeme, kwenye LUKU. Halmashauri ikabaki na ushuru wa masoko, ada za leseni, vibali, na pango la mali zake. Sasa jiulize, kati ya hivyo ni kipi unaweza kukiongeza kwa haraka? Pango. Unajenga fremu.

Upande wa pili wa daftari kuna masharti. Sehemu ya mapato ya ndani ni lazima iende kwenye miradi ya maendeleo, na halmashauri zenye mapato makubwa hutakiwa kutenga sehemu kubwa zaidi. Kuna asilimia 10 ya mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mkurugenzi asipofikisha makusanyo ataulizwa na kila ngazi iliyo juu yake. Nimewahi kuchapa taarifa za robo mwaka usiku wa manane watu wazima wakitetemeka. Hakuna safu kwenye taarifa ile ya "watoto walicheza wapi" wala "maji yalizama wapi". Ndiyo maana nakubaliana nawe kuhusu risiti.

Lakini nikurekebishe mahali pamoja. Kamati kupitisha hakufanyi eneo la wazi ligeuke la biashara hapo hapo. Matumizi ya ardhi yamo kwenye mchoro wa mipango miji, na mchoro ule unasimamiwa na Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Maombi ya kubadili matumizi hutangazwa ili wenye pingamizi waseme. Na mchoro huidhinishwa upande wa wizara ya ardhi, siku hizi kupitia ofisi za ardhi za mikoa zilizoanzishwa 2020. Kwa hiyo unapoambiwa "imeshapita kamati", swali lako la kwanza liwe hili: mchoro unasemaje? Eneo la wazi huchorwa kijani. Kama ni kijani na halijabadilishwa, bado uko ndani ya muda.

La pili, tafuteni bikoni, vile vizege vyenye namba vinavyoonyesha mpaka wa kiwanja. Eneo ambalo bikoni zake hazionekani ndilo la kwanza kuliwa, kwa kuwa hakuna anayeweza kusimama akasema mpaka uko hapa.

Dereva wa Majengo

Na mitaro je? Kwetu Majengo mtaro umeachwa wazi, mtoto alitumbukia, diwani kila mkutano anasema analifuatilia.

Mjukuu wa Meku

@Dereva, pole kwa huyo mtoto. Barabara za mitaa na mitaro yake haziko tena mikononi mwa halmashauri moja kwa moja, ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Barabara kuu ile ya Arusha kwenda Himo ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Diwani anaweza kupeleka kipaumbele na kuuliza, hawezi kumwamuru fundi. Andikeni barua kupitia mtendaji wa kata, nakala kwa meneja wa TARURA wa wilaya, na mtaje mahali hasa, nyumba inayotazamana na shimo lenyewe. "Mtaro wa Majengo" peke yake hawataufikia. Muipeleke kabla bajeti haijafungwa. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini madiwani huwa wameshapitisha makadirio miezi ya Februari na Machi. Ukienda Mei umechelewa.

@Kibanda cha Chini, mdogo wangu, nimekusoma mara mbili. Hoja yako ni ya kweli na sitaki uzi huu uwe wa wenye nyumba dhidi ya wanaouza. Wala sisi si wenye nyumba, tunapanga. Mimi sipingi fremu. Naomba ziende mahali ambapo mteja anapita. Pale kwetu ni ndani, bodaboda ndiyo inafika. Nani atanunua kava la simu nyuma ya shule ya msingi? Utapewa fremu, utalipa kodi miezi mitatu, utarudi stendi na deni. Upande wa barabara ya lami, hatua mia mbili kutoka hapo, kuna kipande cha halmashauri kinachorundikwa vyuma chakavu. Hicho ndicho tunataka kukipeleka kama pendekezo mbadala. Ukiwa tayari njoo kwenye mkutano useme haya haya uliyoyasema hapa. Nataka wayasikie kutoka kwako.

@Mstaafu, umenifungua macho. Nitarudi kwako kuhusu mchoro.

Mwana wa Themi

Salamu kutoka Arusha, wakuu.

Huku kwetu mazungumzo yote ni uwanja mpya unaojengwa Olmoti kwa ajili ya AFCON 2027, wa watazamaji 30,000. Tunaufurahia, sisemi hapana. Lakini mtoto wa Sombetini au Daraja Mbili hatacheza chandimu Olmoti. Uwanja mkubwa ni wa kutazama, kiwanja cha mtaa ndicho cha kucheza. Jiji letu kwa sensa ya 2022 lina watu 617,631, mwaka 2012 walikuwa 416,442. Hesabu wenyewe, miaka kumi tu. Hao laki mbili walioongezeka wamekuja na watoto, na ardhi haikuongezeka.

Jambo la maji usiliweke la pili, Mjukuu. Liweke la kwanza. Sisi tuliokuwepo Aprili 2024, gari la wanafunzi liliposombwa na maji kule Sinoni asubuhi watoto wakienda shule, hatuwezi kusikia mtu akisema "pale maji hupita tu" tukanyamaza. Nilikwenda msibani. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Na kuhusu risiti. Kando ya Mto Themi hapa katikati ya jiji palikuwa kichaka na taka. Pakafanywa bustani, leo watu wanakaa kivulini. Kumbukeni sheria ya mazingira ya 2004 inakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sasa maeneo kama hayo, ambayo hayajengeki kabisa, ndiyo yangekuwa ya kwanza kufanywa ya watu wote, badala ya kuachwa mpaka mtu ajenge usiku. Kwenu mna Rau, mna Karanga, mna Njoro. Angalieni kama kiwanja chenu hakijagusa mkondo wowote. Kama kinagusa, mna hoja ya pili ya kisheria.

Wa Soweto

Nawaheshimu wote ila mimi nimekata tamaa na hizi hatua. Mkutano wa mtaa ukiitishwa tunakuja watu kumi na tano, kumi kati yao wamekuja kwa sababu ya barua za utambulisho. Muhtasari unaandikwa "wananchi waliridhia". Waliridhia akina nani?

Mjukuu wa Meku

Wa Soweto, umesema kitu ambacho nilikuwa nakiogopa kukiandika.

Nilikwenda kuuliza kama mtaa wetu uliwahi kuulizwa. Nikaonyeshwa kwamba ulikuwepo mkutano, na ajenda ilikuwa "uboreshaji wa eneo la wazi". Uboreshaji. Mimi mwenyewe siku ile nilikuwa nyumbani. Niliona watu wanapita kwenda, nikasema nitaulizia baadaye, nikaendelea kurekebisha pasi ya mke wangu. Hakuna aliyeniibia mkutano. Nilikuwa hatua themanini kutoka pale. Hilo linaniuma kuliko ile rangi nyekundu kwenye mwarobaini.

Kwa hiyo sitaweza kumlaumu mwenyekiti wa mtaa, tuliyemchagua sisi wenyewe Novemba 2024. Yeye aliwaita watu na waliokuja waliambiwa uboreshaji, wakapiga makofi. Wangefikiria taa, mabenchi, pengine choo cha wachezaji. Ajenda ingeandikwa "kujenga fremu kiwanjani" angekuja hata mlinzi wa usiku.

Tumefanya haya mpaka leo jioni. Kina mama wa kikoba wamepita nyumba kwa nyumba na daftari, si la saini za kupinga, ni la kuandika kila familia inakitumia kiwanja kwa kazi gani. Nimelisoma lote. Kuna bibi ameandikisha kwamba mjukuu wake mwenye kiti cha magurudumu hana sehemu nyingine tambarare ya kusukumwa. Sikujua. Kila siku nampita. Kuna fundi cherehani anayeanika vitambaa alivyotia rangi. Kuna mwalimu wa madrasa na katekista, kila mmoja na siku zake, hawajawahi kugombana. Daftari hili ndiyo risiti yetu.

Pili, tumeandika barua ya kuomba nakala ya mchoro na muhtasari wa kamati, tukataja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Inatoa siku 30 za kujibiwa. Aliyeipokea aligonga muhuri kwenye nakala yetu. Nakala yenye muhuri ninayo kabatini.

Tatu, diwani tumemwona. Alitusikiliza dakika arobaini amesimama mlangoni kwake na kanga begani, mtoto anamvuta. Akasema neno moja ambalo naliamini: kwenye kamati waliona ramani ya karatasi, hawakuja kiwanjani. Ameahidi kuomba kamati itembelee eneo kabla ya kikao cha baraza la robo hii. Kamati huwa zinafanya ziara za kukagua miradi, kwa hiyo hatuombi kitu kigeni. Tunaomba waje saa kumi na moja jioni, wakati wenye kiwanja wapo.

Mama Turubai

Viti vya mkutano nitaleta. Semeni siku.

Kibanda cha Chini

Mangi nitakuja. Hicho kipande chenye vyuma chakavu nimekwenda kukiangalia leo. Pale panauza. Nimehesabu watu waliopita kwa nusu saa nikaacha kuhesabu. Nitakuja na wenzangu wa stendi tuseme wenyewe.

Mstaafu wa Masjala

Vizuri. Barua ya mkutano wa mtaa iandikwe ajenda kwa jina lake kamili: kubadilisha eneo la wazi kuwa la biashara. Neno "uboreshaji" lisionekane popote. Muhtasari uandikwe pale pale, usomwe kwa sauti kabla watu hawajaondoka, na idadi ya waliohudhuria iandikwe kwa tarakimu. Nimeshika mihutasari mingi maishani. Ule uliosomwa mbele ya watu haubadiliki kirahisi.

Bikoni mmezipata?

Mjukuu wa Meku

Mzee wangu, leo asubuhi tumezipata tatu. Mbili ziko wazi, moja ilikuwa kwenye ua wa jirani, ameuweka juu yake bila kujua na ameahidi kuurudisha nyuma. Ya nne ilitusumbua. Mahali ilipotakiwa kuwa kuna lundo la kifusi cha ujenzi wa mtu, limekaa miaka. Vijana wa timu ya mtaa wamechimba tangu saa mbili, wengine na makoleo, wengine na masufuria ya nyumbani. Saa sita kasoro mtoto mmoja wa darasa la nne akaita. Zege dogo la mraba, limekaa sawasawa, halijavunjika. Tumelimwagia maji na kulisugua kwa gunzi mpaka namba ikasomeka yote.

Nimeiandika kwenye daftari la kina mama, ukurasa wa kwanza, na nimekutumia kwa ujumbe sasa hivi. Mkutano ni Jumapili saa tisa alasiri, pale pale kiwanjani. Kesho asubuhi, saa mbili kabla foleni haijaanza, nitakuwa mlangoni kwa afisa mipango miji na namba zote nne za bikoni mkononi. Niambie niombe mchoro gani.